Mwindaji Katika Nchi ya Wakulima: Uhakiki wa Hoja ya Thom Hartmann Kuhusu Ubongo wa Kawaida

1. Utangulizi

Mwaka 1993 Thom Hartmann, mwandishi wa Marekani ambaye baadaye alijulikana sana kwa vipindi vyake vya redio, alitoa kitabu chenye jina Attention Deficit Disorder: A Different Perception. Aliandika kama baba aliyeambiwa na wataalamu kwamba mwanawe ana kasoro ya ubongo, wala hakuridhika na jinsi habari hiyo ilivyoelezwa. Jibu lake lilikuwa fupi na lenye nguvu: mtoto huyu si mgonjwa, bali ni mwindaji aliyezaliwa katika nchi ya wakulima. Mfano huo umesafiri mbali. Umewafariji wazazi wengi, na leo wasikika tena kwa sura nyingine katika mafundisho kwamba bongo za wanadamu ni za namna nyingi, wala hakuna ulio wa kawaida kuliko mwingine.

Katika makala hii tunakusudia kuipima hoja hiyo. Twafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, ina ukweli ambao maelezo ya kitabibu, yanapotolewa kwa haraka, hupita bila kuuona. Pili, ina kosa ambalo mwanatheolojia wa Kilutheri angepaswa kulitambua kabla ya mtu mwingine yeyote, lakini ambalo twaweza kulipokea bila kulihoji kwa kuwa limevaa vazi la huruma. Wala swali hili si la wasomi peke yao. Mzazi anapomleta mtoto kwa mchungaji akiuliza kama ana pepo, ana ugonjwa au ana ukaidi tu, anangoja jibu. Na kwa jibu hilo mtoto atachapwa, atapelekwa hospitali, ataombewa au ataachwa kama alivyo.

2. Hoja ya Kitabu

Hali inayozungumzwa hujulikana kwa kifupi cha Kiingereza, ADHD. Dalili zake ni za namna mbili: kushindwa kudumisha umakini, na kuhangaika pamoja na kutenda kwa pupa. Hartmann hakanushi kwamba dalili hizi zipo. Anachofanya ni kuzisoma upya. Kile ambacho daktari anakiita kutawanyika kwa mawazo, yeye anakiita jicho la mwindaji lisilotulia porini lisije likapitwa na windo au hatari. Pupa kwake ni wepesi wa kuamua mnyama anapochomoka kichakani. Kuchoshwa na kazi za kila siku ni tabia ya mtu aliyewekewa nguvu zake akiba kwa ajili ya mbio. Mkulima, kwa upande wake, huvumilia kupalilia mstari baada ya mstari, hungoja mvua, huhesabu miezi hadi mavuno.

Kwa sehemu kubwa ya historia yao, asema mwandishi, wanadamu wote waliishi kwa kuwinda. Kilimo kimekuja juzi tu, yapata miaka 10,000 iliyopita, na wakulima ndio waliojenga shule, ofisi na viwanda kwa mfano wao wenyewe. Shule yamtaka mtoto aketi, anyamaze na kurudia aliyoambiwa. Mtoto wa ukoo wa wawindaji hushindwa, nasi twamwita mgonjwa. Mwaka 2003 Hartmann aliiendeleza hoja hii katika kitabu kingine, The Edison Gene, ambacho jina lake lamkumbuka Thomas Edison, mvumbuzi ambaye shule haikumfaa.

Nguvu ya kazi hii iko katika hadithi kuliko katika ushahidi. Lugha yake ni nyepesi, mashauri yake ni ya vitendo, na sauti yake ni ya baba anayemtetea mwanawe. Kwa kazi hiyo ya kumwinua mtoto aliyevunjika moyo, kitabu kinastahili sifa. Lakini hadithi ikishatolewa kuwa maelezo ya asili ya mwanadamu, haina budi kupimwa kama maelezo. Faraja iliyojengwa juu ya maelezo yasiyo kweli humwacha mtu mahali pabaya zaidi siku itakapobomoka.

3. Neno "Kawaida" na Mzigo Wake

Kabla ya kuipima hoja, yafaa tuchunguze neno ambalo wote wawili, Hartmann na wapinzani wake, hulitumia kana kwamba liko wazi. Katika Kiswahili neno kawaida lina maana mbili zilizofungamana: lile litokealo mara nyingi, na lile lipasalo kuwa. Methali yasema kuwa kawaida ni kama sheria. Nasi twajua jinsi neno "kama" linavyopita upesi masikioni, likatuachia sheria tupu. Mkanganyiko huu si wetu peke yetu. Neno la Kilatini norma, ambalo lugha za Ulaya zimelipatia humo neno lao la kawaida, lilikuwa jina la chombo cha seremala, yaani skwea ya kupimia pembe. Skwea haihesabu mbao zilivyo; yasema zinavyopasa kuwa.

Mwaka 1835 Mbelgiji Adolphe Quetelet, aliyekuwa mtaalamu wa nyota na wa takwimu, aliandika juu ya mtu wa wastani. Alimfanya mtu huyo wa katikati kuwa kielelezo, na tofauti za wengine akazitazama kama makosa yanayotokea mtu anapopima kitu kimoja mara nyingi. Hapo ndipo hesabu ilipogeuka skwea. Wastani uliopatikana kwa kujumlisha na kugawanya ukaanza kutumika kuwahukumu wale waliojumlishwa.

Mfaransa Georges Canguilhem, mwanafalsafa aliyesomea pia udaktari, aliukosoa mchanganyiko huu katika tasnifu yake ya mwaka 1943. Kwake, kuwa na afya si kuwa karibu na wastani. Afya ni uwezo wa kiumbe kuyakabili mabadiliko ya mazingira yake na kujiwekea taratibu mpya za kuishi. Ugonjwa ni kupungukiwa na uwezo huo na kubaki na njia moja nyembamba. Kipimo hiki tutakirudia, kwa maana chatuepusha na hatari mbili kwa pamoja: kumwita kila aliye tofauti mgonjwa, na kusema kwamba ugonjwa haupo.

Je, ubongo wenyewe waweza kutuambia ulio wa kawaida ni upi? Mwaka 2017 kundi la watafiti wa nchi nyingi lilichapisha ulinganisho wa picha za bongo za watu 1,713 wenye ADHD na 1,529 wasio nayo. Tofauti zilionekana. Sehemu kadhaa za ndani ya ubongo zilikuwa ndogo kidogo kwa wale wenye hali hiyo, hasa watoto. Lakini tofauti hizo ni za wastani wa makundi, na ni ndogo kiasi kwamba makundi yenyewe yapishana karibu kabisa. Hakuna daktari awezaye kuitazama picha ya mtoto mmoja na kusema, huyu anayo, yule hana. Hadi leo hali hii hutambuliwa kwa kumsikiliza mzazi, mwalimu na mtoto mwenyewe. Kwa hiyo anayesema kwamba sayansi imeuona ubongo wenye kasoro asema zaidi ya yale yaliyoonekana; na anayesema kwamba hakuna tofauti yoyote asema pungufu.

4. Hartmann Anaposema Kweli

Hoja kwamba mpaka kati ya mzima na mgonjwa huchorwa na watu, tena watu wenye shule na viwanda vyao, haiwezi kutupwa. Historia ya hali hii yaithibitisha. Mwaka 1902 tabibu wa watoto George Still alitoa mihadhara huko London juu ya watoto wasio na upungufu wa akili ambao hata hivyo walishindwa kujitawala. Aliita hali yao kasoro ya kujitawala kimaadili. Kitabu cha uainishaji kinachotolewa na Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliiita mwaka 1968 mwitikio wa kuhangaika wa utotoni. Mwaka 1980 jina likawa upungufu wa umakini, na mwaka 1987 mambo yote mawili yakaunganishwa katika jina tulilo nalo. Toleo la mwaka 2013 lataka dalili sita kati ya tisa katika mojawapo ya orodha mbili, au tano kwa mwenye umri wa miaka 17 na kuendelea. Lataka pia kwamba dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya mtoto kutimiza miaka 12, ilhali toleo lililotangulia lilitaka ziwe zimeonekana kabla ya miaka saba. Ni wazi kwamba kati ya dalili ya tano na ya sita hakuna bonde lililochimbwa na maumbile. Wameketi watu mezani, wakakubaliana.

Ushahidi ulio mzito zaidi watoka madarasani. Huko British Columbia, Kanada, watafiti waliwachunguza watoto 937,943 wenye umri wa kati ya miaka sita na 12, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Katika jimbo hilo mwaka wa kuandikishwa shule hukatwa tarehe 31 Desemba, hivyo mtoto wa Desemba huketi darasa moja na wa Januari aliyemzidi karibu mwaka mzima. Wavulana waliozaliwa Desemba walikuwa na uwezekano wa kuambiwa wana ADHD uliozidi wa wale wa Januari kwa asilimia 30. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 70. Mwaka 2018 uchunguzi mwingine wa Marekani, katika majimbo ambayo mwaka hukatwa tarehe 1 Septemba, ulionyesha kwamba watoto wa Agosti waliwazidi wale wa Septemba kwa asilimia 34. Ubongo haujui tarehe ya kuandikishwa shule. Baadhi ya watoto hawa, basi, hawakuwa na kosa jingine ila kuwa wadogo kuliko wenzao. Hapo Hartmann yu sahihi: tulimpima mtoto kwa dawati, dawati lenyewe hatukulipima.

Tena iko hatari kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1851 Samuel Cartwright, daktari wa Louisiana, alitangaza ugonjwa wa akili alioupa jina drapetomania. Dalili yake ilikuwa mtumwa Mwafrika kutoroka kwa bwana wake, na miongoni mwa mambo aliyoyapendekeza ya kuuzuia yalikuwamo mapigo ya mjeledi. Msomaji Mwafrika hahitaji kuelezwa zaidi. Lugha ya ugonjwa imewahi kutumika kuilinda dhuluma, kwa kumpa kasoro yule aliyeikataa. Kila tuambiwapo kwamba ubongo fulani si wa kawaida, ni halali kuuliza: si wa kawaida kwa ajili ya kazi gani, na nani anafaidika na kazi hiyo?

5. Udhaifu wa Hoja

Pamoja na hayo yote, hoja ya kitabu haisimami pale mwandishi alipoisimamisha. Tutaje mambo manne.

La kwanza ni mwindaji mwenyewe. Mwindaji wa Hartmann ni mtu wa kuruka-ruka na wa maamuzi ya ghafula. Lakini wawindaji wapo hadi leo, tena si mbali nasi. Mhadzabe wa nchi iliyo kando ya Ziwa Eyasi huweza kumchoma mnyama mshale wa sumu, kisha akafuata nyayo na matone ya damu kwa saa nyingi. Wakati wa kiangazi huweza kuketi kimya usiku akivizia mahali pa maji. Kazi hiyo yadai subira kuliko kupalilia. Zaidi ya hayo, chakula kingi cha jamii hiyo hutokana na mizizi, matunda, ubuyu na asali, ambavyo havikimbii. Mwindaji wa kitabu hiki ametoka katika ndoto za msomaji wa mjini, wala hakutoka porini.

La pili ni ushahidi wa damu. Watetezi wa hoja hii hupenda kutaja uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa Kenya miongoni mwa Waariaal, wafugaji wenye uhusiano na Wasamburu na Warendile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Watafiti walitazama namna moja ya jeni iitwayo DRD4, ambayo imewahi kuhusishwa na ADHD, kwa wanaume waliokuwa bado wanahamahama na kwa wale waliokuwa wametulia mahali pamoja. Miongoni mwa wahamaji, wenye namna hiyo ya jeni walikuwa na hali bora ya lishe kuliko wenzao. Miongoni mwa waliotulia, walikuwa na hali duni. Ni matokeo ya kufikirisha, nayo yaonyesha kwamba jambo lile lile la mwilini laweza kuwa faida mahali pamoja na hasara mahali pengine. Lakini tuangalie yasiyosemwa. Waariaal ni wafugaji, si wawindaji. Kilichopimwa ni lishe, si umakini wala pupa. Na watu wenyewe walikuwa yapata 150 tu. Uchunguzi mkubwa wa jeni uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha zaidi ya watu 20,000 wenye ADHD, ulitambua sehemu 12 za urithi zinazohusika, kila moja kwa kiasi kidogo. Hali hii kweli hurithiwa kwa sehemu kubwa. Lakini yatokana na mkusanyiko wa tofauti nyingi ndogondogo, wala hakuna jeni moja ya mwindaji ambayo baba humpa mwanawe kama upinde.

La tatu ni wale ambao hadithi yawasahau. Wapo watoto, na wengi wao ni wasichana, ambao hawahangaiki hata kidogo. Huketi kimya wakitazama dirishani, na maneno ya mwalimu huwapita kama maji juu ya jani la mgomba. Hawana ujasiri wala mbio. Kwa orodha ya madaktari wana hali ile ile. Kwa hadithi ya Hartmann hawana mahali, maana ni vigumu kumwita mwindaji mtoto anayeshindwa kukumbuka alikoweka kiatu.

La nne ndilo zito kuliko yote, nalo ni madhara. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walichapisha uchunguzi wa watu milioni 1.92, ambao kati yao zaidi ya 32,000 walikuwa na ADHD. Wenye hali hiyo walikufa kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wengine, na sababu iliyoongoza ilikuwa ajali. Vifo hivyo bado vilikuwa vichache kwa hesabu, lakini haviwezi kuelezwa kwa dawati la shule. Aliyevuka barabara bila kutazama hakuuawa na utamaduni wa wakulima. Hata porini, tuseme kweli, mtu asiyeangalia anakokanyaga hukanyaga nyoka.

6. Je, Ni Ugonjwa?

Mwaka 1992 Jerome Wakefield, msomi wa Marekani, alipendekeza kipimo ambacho twakiona chafaa. Ili hali iitwe ugonjwa, alisema, yapaswa itimize masharti mawili kwa pamoja: pawepo na kitu ndani ya mtu kinachoshindwa kufanya kazi yake ya asili, na kushindwa huko kumdhuru kwa kipimo cha jamii anamoishi. Sharti moja pekee halitoshi. Mtumwa wa Cartwright alikuwa na tabia iliyomkera bwana wake, lakini ndani yake hapakuwa na lililoharibika. Mtoto wa Desemba huenda anadhurika shuleni, lakini ndani yake hapana kasoro ila umri. Ugumu wa ADHD ni kwamba sharti la pili huonekana upesi, ilhali la kwanza, kama tulivyoona, haliwezi kupigwa picha.

Wengine husema kwamba kwa kuwa hakuna mpaka wa asili, basi hakuna ugonjwa. Hoja hiyo ni dhaifu. Shinikizo la damu nalo halina mpaka wa asili. Hupanda hatua kwa hatua kutoka mtu hadi mtu. Mwaka 2017 vyama vya wataalamu wa moyo vya Marekani vilishusha kiwango kutoka 140 kwa 90 hadi 130 kwa 80, na watu wengi wakalala wazima wakaamka wagonjwa. Mstari ulichorwa na watu, lakini kiharusi hakikuchorwa na watu. Ndivyo ilivyo hapa pia. Kila mtu hupotewa na mawazo. Si kila mtu hupoteza kazi, ndoa au uhai kwa sababu hiyo.

Tukirudi kwa Canguilhem, twaweza kusema hivi. Pale ambapo mtoto akibadilishiwa mwalimu, saa au kazi hustawi, tumeona tofauti, na linalopasa kubadilika ni mazingira. Pale ambapo njia zote zamfungia, nyumbani kama shuleni, katika mchezo aupendao kama katika kazi aichukiayo, na yeye mwenyewe ataka na hawezi, hapo tumeona ugonjwa, na kulikataa jina hilo ni kumnyima msaada. Kwa hiyo madaktari hufanya vyema wanapotaka dalili zionekane mahali zaidi ya pamoja na zivuruge maisha ya mtu. Kosa huja pale hatua hizo zinaporukwa na mtoto kupewa jina kwa malalamiko ya mwalimu mmoja.

Kuhusu dawa tuseme kwa ufupi. Tangu mwaka 1937, Charles Bradley alipoona huko Rhode Island kwamba dawa ya kuchangamsha iliwafanya baadhi ya watoto watulie na kusoma, imejulikana kwamba dawa za jamii hiyo hupunguza dalili. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 1999, lenye watoto 579, lilionyesha kwamba dawa iliyosimamiwa vyema iliishinda malezi ya tabia peke yake katika kupunguza dalili kwa muda wa miezi 14. Lakini katika mwaka wa tatu, baada ya familia kuachwa zichague zenyewe, tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka. Dawa ni msaada wa kweli, wala si ukombozi.

7. Neno la Theolojia

Hapa twafikia kosa tulilolitaja mwanzoni. Hartmann ataka kumpa mtoto heshima yake, nasi twaungana naye katika nia hiyo. Lakini ampa heshima hiyo kwa msingi gani? Kwa msingi kwamba babu zake walikuwa na manufaa. Mtoto yu mwema kwa kuwa porini angeleta nyama, au kwa kuwa huenda kesho atakuwa mvumbuzi. Huku ni kuhesabiwa haki kwa matendo, na tofauti ni kwamba matendo yenyewe yamehamishiwa zamani za kale au wakati ujao. Je, yule asiyeleta nyama wala uvumbuzi? Je, mtoto mwenye ADHD ambaye hana kipaji chochote kilichofichika, ambaye ni wa kadiri katika mambo yote? Hadithi ya mwindaji haina neno la kumwambia. Injili inalo, kwa maana haikuanza kwa kuuliza kama anafaa kwa kazi gani.

Kanisa letu lina sababu ya pekee ya kuwa macho hapa. Katika Mazungumzo ya Mezani imeandikwa kwamba Luther, akizungumzia mtoto wa Dessau wa miaka 12 aliyekuwa akila na kulia tu, alishauri atupwe mtoni, akimdhania kuwa nyama isiyo na roho. Nao watawala wa huko hawakukubali. Wasomi hujadili kiasi tunachoweza kuyategemea maandishi hayo ya wanafunzi wake. Hata hivyo hatuna ruhusa ya kuyaficha. Yatufundisha kwamba hata mwalimu wa neema aweza kuiweka akili kuwa mlango wa ubinadamu, na kwamba anayefanya hivyo huishia kando ya mto. Katekisimu Ndogo ya Luther huyo huyo yafundisha vingine: kwamba Mungu ameniumba mimi, pamoja na viungo, akili na fahamu zangu zote, pasipo stahili yangu. Twachagua Katekisimu, na kwa Katekisimu twamhukumu Luther wa mezani.

Tena kuna neno lake la mwaka 1518 huko Heidelberg, kwamba mwanatheolojia wa utukufu huuita ubaya wema, bali mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu jinsi kilivyo. Kipimo hiki chakata pande zote mbili. Anayeuita mzigo wa mtoto kipawa, ilhali mtoto mwenyewe alia usiku kwa kushindwa, hakiiti kitu jinsi kilivyo. Na anayemwita kiumbe cha Mungu ubongo mbovu, naye hali kadhalika. Paulo hakuuita mwiba wake baraka. Aliomba mara tatu uondolewe. Wala mwiba huo haukumwondolea utume wake. Mambo haya mawili yapasa kushikwa pamoja: twaweza kuomba, hata kwa kutumia dawa, mzigo uondolewe, na wakati huo huo kukiri kwamba mbele za Mungu aliyeubeba hapungukiwi na kitu.

Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi. Swali lao bado laulizwa vijijini na mijini, hata na watu wa Kanisa. George Still naye, kwa lugha ya udaktari, aliiweka hali hii katika upande wa maadili. Bwana alikataa swali, lakini hakukataa kuponya. Hakumwambia kipofu kwamba upofu ni namna nyingine tu ya kuona.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba ubongo wa kawaida, kama kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole, haupo. Kuna wastani, na kuna skwea tulizojitengenezea. Tumeona pia kwamba kutoka hapo haifuati kuwa hakuna ugonjwa. ADHD yafaa kuitwa ugonjwa pale inapomfungia mtu njia, na yafaa kuitwa tofauti pale mazingira ndiyo yanayofunga. Kitabu cha Hartmann chapaswa kusomwa kwa ajili ya swali lake kuliko kwa ajili ya jibu lake.

Kwa wachungaji na wanafunzi wa theolojia yafuata mambo matatu. Kwanza, jina la ugonjwa laweza kufanya kazi ya sheria au ya injili. Kwa mtu mzima aliyejiita mvivu maisha yake yote, kusikia kwamba shida yake ina jina na tiba ni habari njema. Kwa mtoto wa miaka sita aliye mdogo kuliko darasa lake, jina lile lile ni hukumu. Mchungaji si daktari, lakini yampasa kujua analeta lipi. Pili, katika maungamo na maonyo tutenganishe asiyetaka na asiyeweza. Anayesahau ahadi kwa udhaifu wa umakini bado ana jirani aliyedhurika, naye ahitaji kuomba radhi. Lakini hahitaji kuambiwa kwamba imani yake ni haba, wala kuwekewa mikono atolewe pepo mahali palipohitajika tabibu. Tatu, madarasa yetu ya Kipaimara ni madawati tuliyoyatengeneza wenyewe. Hakuna amri ya Mungu inayosema kwamba Katekisimu sharti ijifunzwe kwa kuketi saa mbili bila kusogea. Hapo hatuna haja ya kungoja madaktari wakubaliane. Twaweza kuanza Jumamosi ijayo kwa kugawa kipindi, kuwapa watoto kazi za mikono, na kumwuliza yule anayehangaika ni wakati gani husikia vizuri zaidi.